Mafuta ya kivumbasi na mtoto wa miezi 8: jibu kwa mama wa Tanga

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama, nipo Tanga. Mwanangu ana miezi 8, tangu juzi ana mafua na kikohozi, usiku halali. Mama mkwe wangu anaishi Lushoto, ametuletea kichupa cha mafuta ya kivumbasi yaliyokenekwa kwa mvuke na kikundi cha akina mama wa huko. Ameniambia nimpake mtoto kifuani na mgongoni, nimdondoshee tone moja moja puani, na mimi ninayenyonyesha niweke matone matatu kwenye chai, maana mafua yameshanipata. Yananukia kama dawa ya kuchua, au kama karafuu maiti. Baba yake naye jino linamsumbua, ameanza kuyatia. Na je, nikiyadondoshea kwenye chetezo yatafukuza mbu? Mama mkwe ametumia kivumbasi maisha yake yote na amelea watoto saba. Sitaki kumvunjia heshima.

Jibu: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na yale yasiyoweza kungoja. Usimdondoshee mtoto mafuta hayo puani, hata tone moja. Usimpake kifuani wala mgongoni. Wewe usiyanywe kwenye chai. Kichupa kifunge, ukiweke juu, kwenye kabati lenye mlango. Kama ulishampaka, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mbadilishe nguo, kisha mwangalie: akiwa na usingizi mzito usio wa kawaida, akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo ukiwa na kichupa mkononi.

Sasa tuzungumze kwa utulivu, kwa sababu mama mkwe wako hajakosea kuhusu mmea. Kivumbasi ni mmea wetu, umeota Afrika Mashariki kabla ya yeyote kuuandika kitabuni, na sifa zake nyingi zimethibitika. Shida imeanzia pale majani yalipogeuzwa kuwa kichupa, na matumizi ya majani yakahamishiwa kwenye kichupa bila kubadilishwa chochote.

Kwanza tujue ni kivumbasi kipi, kwani watu wanaita hivyo zaidi ya mmea mmoja. Upo ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Ocimum gratissimum, ambao vitabu vya zamani viliuandika Ocimum suave. Huo kwetu mara nyingi unanukia karafuu, kwa sababu mafuta yake yana eujenoli kwa wingi, kiambato kile kile kinachoipa karafuu ukali wake. Sehemu nyingine mmea huo huo hutoa kiambato kingine kiitwacho timoli, na harufu yake huwa tofauti kabisa. Halafu upo Ocimum kilimandscharicum, uliopewa jina la Kilimanjaro, wenye majani ya kijivu yenye vinyweleo. Huo unanukia kafuri, na kafuri ndiyo hiyo unayoijua kwa jina la karafuu maiti. Mara nyingi nusu ya mafuta yake au zaidi ni kafuri tupu. Ulivyoielezea harufu ya kichupa chako, nina imani kubwa kwamba ni huu wa pili. Pua yako imefanya kazi nzuri, na ndiyo iliyonifanya niandike kwa haraka hapo juu.

Mmea huu una historia ya kujivunia. Ulipelekwa hadi India ukalimwa kama chanzo cha kafuri. Huku kwetu, Waluhya wanaoishi kando ya Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, wanauita mwonyi na wameutumia kwa mafua na kikohozi tangu zamani. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walikaa na wakulima wa kikundi cha Muliru huko Kakamega. Wakulima wakaupanda mwonyi mashambani mwao badala ya kuuchuma msituni, wakapata mtambo wa kukeneka, na mafuta yao yakatiwa kwenye marhamu ya kuchua inayouzwa kwa jina la Naturub, ambayo ilisajiliwa na bodi ya dawa ya Kenya. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kila ninapoulizwa kama dawa za kienyeji zinaweza kusimama zenyewe sokoni, huu ndio mfano ninaoutoa, na ninautoa kwa furaha.

Lakini angalia walichokifanya. Mafuta yaliyotoka mtamboni hayakutiwa kwenye vichupa yakauzwa ya kupaka hivyo hivyo. Yalipimwa, yakachanganywa na vitu vingine hadi yakawa mepesi vya kutosha, yakapewa maelekezo ya matumizi, ndipo yakaenda dukani. Hatua hiyo ndiyo inayokosekana kwenye kichupa chako.

Kukeneka ni kupitisha mvuke kwenye majani ili uchukue mafuta yake ya kunukia, kisha kuupoza mvuke huo ili mafuta yaelee juu ya maji. Majani mabichi ya kivumbasi hutoa mafuta kidogo mno: kilo 100 mara nyingi hazizidi kilo 1 hivi ya mafuta. Kwa hiyo tone moja limebeba nguvu ya majani mengi. Bibi alipochukua kiganja cha majani, akayapikicha na kumnusisha mtoto kwa mbali, au akamwogesha kwa maji yaliyochemshiwa majani hayo, mtoto alipata chembe ndogo tu ya kafuri. Matone machache ya kichupa juu ya kifua cha mtoto mchanga ni dozi ambayo bibi hakuwahi kumpa mtoto yeyote, hata katika wale saba.

Nikupe hesabu. Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, dawa za kuchua zinazouzwa bila cheti cha daktari haziruhusiwi kuwa na kafuri inayozidi asilimia 11. Kichupa chako kikiwa na nusu kafuri, kimepita kiwango hicho zaidi ya mara nne. Na upande wa kumeza, imeripotiwa katika maandiko ya udaktari kwamba gramu 1 ya kafuri ilitosha kuua mtoto mdogo. Gramu hiyo inapatikana katika nusu kijiko cha chai cha mafuta kama yako. Kafuri ikimezwa huingia kwenye damu haraka, hufika kwenye ubongo, na degedege linaweza kuanza ndani ya dakika chache, kabla hata hujapata bodaboda. Ngozi ya mtoto wa miezi 8 nayo ni nyembamba kuliko yako, na ini lake bado halijawa hodari wa kuziondoa sumu hizi.

Pua ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kafuri, mentholi na sineoli, ile ya mkaratusi, zikigusa ghafla ndani ya pua ya mtoto mchanga zinaweza kumfanya akaze koo na kukata pumzi. Mwili unajilinda, lakini kwa mtoto mdogo ulinzi huo unaweza kugeuka hatari. Mbali na hilo, mafuta yoyote yakidondoshewa puani yanaweza kuteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia isiyosikia dawa za kawaida. Ndiyo maana sitofautishi hapa kati ya kivumbasi, mkaratusi, na dawa ya kuchua ya dukani: chini ya miaka 2 hakuna kati ya hizo inayopakwa, na kwa umri wowote hakuna inayoingia puani.

Kuna kundi jingine la watoto ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulikumbuka daima, wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huu ni wa kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, Tanga ikiwemo. Chembe nyekundu za damu za watoto hawa zinaweza kuvunjika wakikutana na baadhi ya vitu, na vidonge vya kuzuia nondo vya nafthalini ndivyo vinavyojulikana zaidi. Kafuri na mentholi nazo hutajwa katika orodha ya kujihadhari, hasa kwa wachanga. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana hali hii. Kwa hiyo nguo za mtoto zisihifadhiwe na nafthalini wala karafuu maiti.

Sasa mafua yenyewe. Kwa umri wake, karibu yote huletwa na virusi, na hupungua ndani ya siku saba hadi kumi. Hakuna mafuta yanayofupisha siku hizo. Hata yale yanayofanya pua ihisi wazi hayaizibui. Yanaigusa mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi, na mtu anaona anapumua vizuri ilhali njia ya hewa imebaki vile vile. Kwa mkubwa hisia hiyo ni faraja ya kweli, siidharau. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 138 wenye miaka 2 hadi 11, ulionyesha kwamba waliopakwa dawa ya kuchua yenye kafuri, mentholi na mkaratusi walilala vizuri zaidi usiku huo, ingawa karibu nusu yao waliwashwa kidogo ngozi, pua au macho. Lakini umri wa chini kabisa ulikuwa miaka 2, na dawa yenyewe ilikuwa imepimwa.

Mwanao mfanyie haya. Nunua maji ya chumvi ya puani duka la dawa, yale yaliyotengenezwa kwa watoto, mdondoshee kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, kisha futa makamasi yanayotoka. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi hata kama ni kidogo kidogo, kwa sababu pua iliyoziba humchosha akiwa kwenye titi. Mlaze chali kama kawaida, usimwekee mito. Asali usimpe, hata kwa kikohozi, hadi atimize mwaka mmoja. Dawa za kikohozi za dukani pia hazimfai.

Akiwa ametulia au amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, ukitazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia, na anatakiwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege: hapo usisubiri asubuhi. Homa nayo isichukuliwe kuwa ya mafua tu. Tanga kuna malaria, apimwe.

Kuhusu chai yako: kafuri huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito asiyanywe kabisa. Kwa anayenyonyesha nashauri vivyo hivyo, kwani huna unachokosa. Chai ya tangawizi au ya mchaichai, maji ya moto na mapumziko vitakusaidia. Ukitaka kujifukiza, chemsha majani ya kivumbasi, weka sufuria chini sakafuni, si kwenye jiko, jifunike kwa dakika 5 hivi, na mtoto awe chumba kingine na mtu wa kumshika. Mwaka 2020 watu wengi Tanzania walirudi kwenye nyungu, na mvuke una raha yake, lakini sufuria la maji yaliyochemka likipinduka linaunguza vibaya, na mara nyingi anayeungua ni mtoto. Mwenye pumu asijifukize. Harufu kali inaweza kumbana kifua.

Jino la baba watoto. Mafuta ya kivumbasi cha kafuri hayalifai jino. Yatamuunguza ufizi, na yatampa ganzi hafifu. Kinachotuliza jino ni eujenoli, na chanzo chake bora tunacho hapo ng'ambo: mafuta ya karafuu, ambayo Pemba hukenekwa kutokana na makonyo na majani katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Madaktari wa meno wamekuwa wakitumia eujenoli iliyochanganywa na oksidi ya zinki kama dawa ya kutulizia na kuziba jino kwa muda. Aloweke ncha ya kipamba kwenye tone 1 la mafuta ya karafuu lililochanganywa na matone kadhaa ya mafuta ya nazi au ya kupikia, aguse jino lenyewe, si ufizi, kisha ateme mate. Afanye hivyo usiku mmoja au miwili tu, huku akipanga kwenda kwa daktari wa meno, maana tundu halizibwi na harufu. Shavu likivimba, au homa ikianza, au mdomo ukishindwa kufunguka, aende hospitali siku hiyo. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asitumie karafuu bila kumwambia daktari wake.

Mafuta ya karafuu nayo yafungiwe kabatini pamoja na hayo mengine. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu: alizimia, akapata degedege, na ini lake likaharibika vibaya. Alinusurika baada ya matibabu mazito ya hospitali, ambayo si kila wilaya kwetu inaweza kuyatoa.

Mbu sasa. Hapa kivumbasi kimefanya vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti wa icipe walipasha moto majani ya vivumbasi vyote viwili juu ya makaa bila kuyachoma, katika vibanda vya majaribio, na mbu wa malaria wakapungua kwa kadiri ya nusu. Miche hai ya mimea mingine inayonukia, ikiwa imewekwa tu kwenye vyungu, ilipunguza kwa takriban thuluthi. Hayo ni matokeo mazuri kwa jani la bure. Lakini ile nusu ya mbu iliyobaki inatosha kuleta malaria, na moshi wa chetezo katika chumba cha mtoto mwenye kikohozi unaongeza tatizo alilonalo. Panda kivumbasi uani, karibu na madirisha, kama unapenda. Usidondoshee mafuta kwenye makaa. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Kichupa chenyewe si lazima ukitupe. Kwanza hakikisha ni nini. Dondosha tone 1 kwenye karatasi nyeupe uliache hadi kesho yake. Likipotea bila kuacha doa la grisi, ni mafuta yaliyokenekwa, makali. Likiacha doa la kung'aa, huenda ni majani yaliyolowekwa kwenye mafuta ya nazi au alizeti, au yamechanganywa, na ukali wake haujulikani; kwa mtoto jibu langu ni lile lile. Yakiwa yamekenekwa, mtu mzima anaweza kuyatumia kuchua mgongo, miguu au kifua chenye mafua: matone 6 katika kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi, yajaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono wa ndani kwa siku moja. Yasipakwe kwenye kidonda, usoni, wala kwenye titi linalonyonywa. Ukishajipaka, nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto, na usimlalishe kifuani pako usiku huo.

Kama siku moja mtoto yeyote atayanywa, yachukulie kama mafuta ya taa: usimtapishe, usimpe maziwa kwa kudhani yataua sumu, mkimbize hospitali na kichupa chake. Akitapishwa, mafuta yanaweza kupita njia ya hewa yakaingia mapafuni, na hapo kunakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Akiwa na degedege njiani, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Limebaki la mama mkwe, na naona ndilo lililokupa uzito kuliko yote. Usimwambie kwamba dawa yake ni mbaya, kwa sababu si kweli. Mwambie umeuliza, ukaambiwa kwamba kivumbasi chake ni kikali mno kikishakuwa mafuta, na kwamba mjukuu asubiri akue. Kisha muulize alivyofanya alipokuwa analea. Naamini atakuambia alitumia majani, na hapo mtakuwa mmekubaliana bila kubishana. Mwombe akuletee miche upande. Mwombe pia majani makavu kwa ajili ya mahindi na maharage ya stoo: vivumbasi vyote viwili vimejaribiwa na watafiti dhidi ya fukusi wa nafaka na vimeonyesha uwezo wa kuwafukuza, na binafsi hayo ndiyo matumizi ninayoyapendekeza bila kusita kwa kila nyumba.

Na kwa kuwa yeye anakijua kikundi, amuulize mkenekaji mambo matatu: mmea uliotumika una majani ya namna gani na unanukia nini ukipikichwa, mafuta yamechanganywa na kitu gani, na yalikenekwa lini. Awasihi pia waandike kwenye lebo kwamba si ya kunywa na si ya watoto wadogo, na waulize utaratibu wa usajili kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wakina mama wale wana mmea mzuri na ufundi mzuri. Wakipata vipimo na lebo, wataweza kuuza mbali zaidi ya Lushoto. Ukipata majibu yao niandikie, na uniambie mtoto amelalaje usiku wa leo na pumzi zake zilikuwa ngapi.